Pakiti nyeupe za madukani: ipi ununue kama mama hasomi lugha ya huko

Tangu niandike kuhusu kupunguza gharama za jikoni huku Ujerumani, malalamiko mengi ninayoletewa ni ya aina moja. Msomaji wa Bremen alimtuma mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Tanga kumlea mzazi, akalete unga wa ngano. Bibi akarudi na pakiti nyeupe, safi, ya bei ya chini, na ndani mna unga mweupe kweli. Akakanda. Donge likamfanyia vituko: ukiliminya gumu, ukiliachia linatiririka. Pakiti ilikuwa imeandikwa Speisestärke, ambayo ni kornflawa. Mwingine yuko Winnipeg, na baba yake alileta magadi ya kuokea akidhani ni chumvi.

Wazee hawana kosa hapo. Kwetu unga wa Jogoo una jogoo na Kasuku ana kasuku wake, kwa hiyo mtoto asiyejua herufi hata moja anatumwa dukani na analeta kitu kilekile alichoagizwa. Pakiti za bei nafuu za maduka makubwa ya Ulaya na Amerika zilianza kwa kuifuta picha hiyo. Carrefour walitangulia Ufaransa mwaka 1976 kwa bidhaa 50 zisizo na chapa, kila moja kwenye pakiti nyeupe yenye jina la kitu basi. Mwaka uliofuata Jewel wa Chicago wakafanya vivyo hivyo, na 1978 Loblaws wa Canada wakaja na manjano yao. Hoja ilikuwa kwamba mteja asilipie matangazo. Sawa, lakini picha ya mchele juu ya pakiti ya mchele ni tangazo gani?

Ndiyo maana chapa za maduka ninazozitaja hapa chini sizipangi kwa ladha, maana sukari ni sukari, wala kwa bei, ambazo zinafuatana kwa senti chache. Nauliza swali moja: mtu asiyesoma lugha ya nchi ile akisimama mbele ya rafu, atajua ameshika nini?

1. ja! ya Rewe, Ujerumani

Niseme wazi kwamba naipendelea hii, na hakuna aliyenilipa. Imekuwapo tangu 1982, pakiti ni nyeupe kama zile za kwanza kabisa, ila mbele wameweka picha ya kilichomo. Tambi utaziona, maziwa utayaona kwenye glasi. Mama yeyote anaweza kupita na kikapu akajitegemea.

Picha hata hivyo ina mwisho wake, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Unga wa ngano wa Kijerumani una namba: 405, 550, 1050. Namba hiyo inaeleza majivu yanayobaki unga ukichomwa, kwa miligramu katika gramu 100, na kadiri inavyopanda ndivyo kapi la nafaka lilivyobaki kwa wingi. Ya 405 ni ya keki. Chapati na maandazi nayapikia 550, inavutika vizuri zaidi. Ukimtuma mtu, mwandikie namba kwenye karatasi, kwa sababu masuke yaliyochorwa kwenye pakiti hayatamsaidia kitu.

Chumvi ndiyo inayoniudhi. Kenya na Tanzania chumvi ya kula lazima iwe na madini joto, kwa hiyo hatujazoea kuuliza. Ujerumani ni hiari ya mtengenezaji, na pakiti mbili zinakaa bega kwa bega kwenye rafu, moja inayo, nyingine haina. Tafuta herufi tatu, Jod, ndilo jina lao la madini joto. Mfundishe mama herufi hizo tatu kabla hujamfundisha njia ya kwenda kituo cha basi. Na mjamzito asidhani unga wa huku umeongezwa foliki, ile vitamini ya wajawazito, kama ilivyo Canada, ambako sheria inalazimisha tangu 1998. Ujerumani hakuna sheria hiyo, uwe unga wa bei nafuu au wa chapa kubwa, kwa hiyo vidonge vya kliniki asiviache.

Kwa maziwa, jibini na nyama kuna siri nzuri. Geuza pakiti utafute duara lililolala lenye DE, chini yake herufi za jimbo na namba, kisha EG. Hiyo ni alama ya kiwanda kilichoshughulikia bidhaa hiyo mara ya mwisho, na orodha ya viwanda iko wazi kwenye intaneti. Linganisha duara la maziwa ya bei nafuu na la maziwa ya chapa inayotangazwa kwenye televisheni. Yakifanana, yametoka kiwanda kimoja. Kiwanda kimoja kinaweza kutumia mapishi mawili, kwa hiyo kwa jibini usiape. Kwa maziwa ya kawaida, mimi simlipi mtu kwa ajili ya ng'ombe aliyechorwa.

2. No Name ya Loblaws, Canada

Manjano makali, herufi nyeusi za mwandiko wa Helvetica, zisizo na herufi kubwa, jina la kitu likisimama peke yake. Mbunifu wake, Don Watt, alijua kazi, kwani rafu yake unaiona tangu mlangoni. Tatizo linaanza ukishafika mbele yake. Njegere, mahindi, maharage, vyote ni manjano juu ya manjano, na nyingi hazina picha. Faida ni kwamba sheria ya Canada inataka lebo za Kiingereza na Kifaransa pamoja, kwa hiyo ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Bujumbura waliosoma kwa Kifaransa hawapotei. Wa Mombasa anasoma upande wa pili. Asiyesoma upande wowote, ndiyo hivyo, manjano.

Kuhusu uungwana wao, kila mtu atapima mwenyewe. Oktoba 2022 walitangaza kwamba bei za No Name, bidhaa zaidi ya 1,500, hazitapanda hadi mwisho wa Januari 2023, na wakasifiwa sana. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imekiri mwaka 2017 kwamba ilishiriki kupanga bei ya mkate na wenzake kwa miaka kumi na minne, kuanzia 2001 hadi 2015. Wateja walipewa kadi ya dola 25. Miaka kumi na minne ya mkate, dola ishirini na tano! Mwenye watoto wanne anajua hizo zinaishia wapi.

Jambo jingine kwa walio Canada: nje ya Quebec duka halilazimiki kukuonyesha bei kwa kilo. Ujerumani ni lazima, na tangu Mei 2022 iwe kwa kilo au lita kamili, si kwa gramu mia kama walivyokuwa wakituchanganya. Ukiwa Toronto, toa simu upige hesabu.

3. M-Budget ya Migros, Uswisi

Kijani, na jina la chapa limerudiwarudiwa pakiti nzima kama kanga iliyochapwa na mlevi. Ilianza 1996 na vijana wa huko wameipenda hadi imekuwa mtindo. Lugha tatu kwenye lebo, Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano. Kwa mgeni asiyesoma, rafu nzima ni ukuta wa kijani. Nunua ukiwa umeandamana na mjukuu.

Gut&Günstig ya Edeka inafaa ukiwa mbali na Rewe. Aldi na Lidl ni nafuu pia, ila wao huiga sura za chapa kubwa, kwa hiyo si za mada hii.

Mtaniuliza Uingereza imekwenda wapi. Tesco Value ya 1993, ile ya mistari ya buluu na nyeupe, ilikuwa na aibu zake (watu walikuwa wakiificha chini ya kikapu), lakini ilisema ukweli. Mwaka 2012 wakaibadilisha. 2016 wakaleta nyama, matunda na mboga zenye majina ya mashamba, Boswell Farms, Rosedene Farms, na hayo ni majina ya biashara tu, si anwani ya mahali bidhaa zilikotoka. Chama cha wakulima wa huko kikalalamika rasmi. Mimi nisingeweza kuipa namba yoyote chapa inayomtungia kuku kijiji cha kuzaliwa. Afadhali weupe mtupu.

Na kuna wanaouza weupe huo kwa bei ya juu. MUJI ya Japani ilianza 1980 kama bidhaa 40 za supamaketi ya Seiyu, nyingi zikiwa vyakula, kwa watu wa kubana matumizi. Leo ukiingia kwenye duka lao Ulaya utaona bei ya karatasi ya kahawia isiyo na maandishi, utoke ukiwa umenyamaza. Huku sisi, Machi 2023, vyakula Ujerumani vilikuwa vimepanda kwa asilimia 22.3 katika mwaka mmoja, na pakiti nyeupe hazikusalimika.

Kwa hiyo wa Köln, Bonn na jirani: sukari, chumvi yenye Jod, maziwa, tambi, mafuta ya alizeti, nyanya za kopo, chukua ja! bila wasiwasi. Majani ya chai usichukue ya duka lolote kati ya haya. Vifuko vyao vimetengenezwa kwa watu wanaochovya mara mbili na kutoa, havihimili maziwa na tangawizi. Anayekuja kutoka nyumbani akuletee nusu kilo.