Waliniambia gari jipya halili oili

Nimekaa na hasira hii muda mrefu nikidhani itapoa. Haijapoa, acha niandike.

Gari nililinunua jipya, kilomita sifuri, nailoni bado ziko kwenye viti. Miaka yote nimeendesha magari yaliyokwisha kutumika Japani, na kila asubuhi nafungua boneti, napima oili, naangalia maji, ndipo natoka. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, ndiye aliyenizoesha. Kwa hiyo nilipolipeleka kwa ule ukaguzi wa kwanza, nilimuuliza kijana wa mapokezi: hili nilipime oili kila baada ya muda gani, na nikikuta imeshuka nijazie ipi?

Kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Shikamoo hakunipa, macho hakuyatoa kwenye simu. Akasema, "Mama, hili siyo mtumba. Gari jipya halili oili. Wewe endesha tu, boneti tuachie sisi. Ukichokoachokoa, waranti inakufa." Mwenzake aliyekaa pembeni akacheka.

Nikanyamaza. Mbaya zaidi, nikamsikiliza.

Mimi nauza dagaa hapa Mwanza, pale Mwaloni, Kirumba, na karibu kila wiki naenda Musoma, zaidi ya kilomita 400 kwenda na kurudi. Kilomita zikapanda haraka, na boneti sikuigusa. Safari moja, nimeshapita Magu, nakaribia Lamadi, nikakata kona na ile taa nyekundu ya oili, yenye picha ya birika, ikawaka, ikazima. Nikadhani ni macho yangu. Mbele kidogo nikapiga breki kupisha ng'ombe, ikawaka tena. Hapo nikaweka pembeni na kuzima injini palepale, kwa sababu taa ile haisubiri ufike. Inasoma presha, siyo kiasi cha oili. Ikishawaka, injini inaweza kunoki huku bado unatafuta gereji.

Fuso ikasimama nyuma yangu. Dereva akashuka: "Shikamoo mama, kuna tatizo?" Nikamweleza. Akasema tusubiri dakika kumi kwanza, oili ishuke chini. Kisha nikavuta kijiti cha kupimia oili mwenyewe, nikakifuta kwa pindo la khanga, nikakirudisha mpaka mwisho, nikakivuta tena. Alama ya juu pakavu. Alama ya chini pakavu. Nchani kabisa palikuwa na tone moja jeusi, dogo kama jicho la dagaa. Nilisikia miguu inaisha nguvu. Gari ambalo hata mwaka halijamaliza!

Dereva akamtuma utingo wake kwa bodaboda mpaka Lamadi. Kitabu cha gari kinataka oili nyepesi ya 0W-20, dukani ilikuwepo 5W-30 iliyo nzito kidogo, na kitabu hichohicho kinairuhusu kama ile nyingine haipatikani. Tukajazia taratibu: lita moja, tukasubiri, tukapima. Nusu lita nyingine, tukasubiri, tukapima. Nilitaka kumalizia chupa, akanishika mkono. "Usipitishe alama ya juu, mama. Ikizidi, krenki inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma." Hela hakutaka. Alipokea tu ya oili na nauli ya utingo. Wabeja sana, baba, popote ulipo.

Sasa sikilizeni. Niliporudi Mwanza nikaenda moja kwa moja kwa walioniuzia, nikidai injini ni mbovu. Mkubwa wao akatoa kitabu, akafungua ukurasa, akaniwekea kidole: gari linaweza kula hadi lita moja kwa kila kilomita 1,000 na bado likahesabika zima. Akaeleza kwamba injini ikiwa mpya, ringi za pistoni hazijazoeana na silinda, oili kidogo inapita na kuungua, na hiyo ya 0W-20 ni nyepesi. Yote hayo nakubali. Nikamuuliza, basi yule kijana wenu aliniambia nini? Kimya. Kisha akasema, "Lakini mama, kupima oili ni jukumu la dereva."

Jukumu la dereva! Mimi niliyeuliza! Niliyefukuzwa kwenye boneti ya gari langu mwenyewe!

Nilitaka kuandika kwamba gari ni bovu, msilinunue. Haki ya Mungu siyo bovu. Linapanda Isamilo na magunia yangu bila kulalamika, mafuta linakunywa kidogo, na tangu nianze kulijazia sijaona taa tena. Gari nalipenda. Ila kila nikikumbuka kile kicheko najisikia kusema mtu asikanyage pale. Au nendeni, nunueni, ila mkishapewa ufunguo msiamini neno lao hata moja kuhusu oili. Sijui. Siku nyingine nasema hivi, siku nyingine vile.

Kwa wenzangu mnaokaa huku kwenye mawe: msipime nyumbani kama gari limelala mteremkoni, kijiti kitawadanganya. Mimi nashuka mpaka Mwaloni kwenye tambarare, nazima, napanga mizigo yangu kama dakika kumi, ndipo napima. Chini ya kiti natembea na lita moja ya 0W-20, nimeifunga kwa nailoni mbili isije ikanukisha dagaa.

Juzi nimelipeleka sevisi. Kijana ni yuleyule. Nikafungua boneti mbele yake, nikapima, nikamwonyesha kijiti, oili iko katikati ya alama. Akasema, "Iko sawa, mama." Shikamoo bado hajanipa.