Kuseti taimingi: taa au kusoma plagi?

Taimingi ni wakati cheche ya plagi inaporuka kuwasha mafuta ndani ya injini. Uiseti kwa taa, au kwa kusoma plagi, yaani kuifungua na kutazama rangi iliyoachwa na moto? Ubishi huu haukauki kwenye magereji ya Malindi, hasa ikifika gari ya zamani yenye kabureta na distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi).

Kwa gharama, plagi inashinda bila kelele: spana yake, jicho na kioo cha kukuzia, basi. Taa ya taimingi ni ya kununua, na ikiachwa kwenye hewa hii ya chumvi klipu zake hushika kutu.

Kwa kasi ya kazi, taa. Unamulika alama ya puli ya krenki, unageuza distribyuta, unaona digrii papo hapo. Ila taa inakwambia cheche imeruka lini tu. Joto lililofuata hailijui.

Hapo plagi ndiyo shahidi. Wanaoshindana magari robo maili kule Marekani kwa gesi ya naitrasi, ya kuongezea injini nguvu, huirudisha taimingi nyuma (cheche iruke baadaye), kwa kawaida digrii 2 kwa kila nguvu-farasi 50 zilizoongezwa, kwa kuwa moto huwaka haraka zaidi. Kisha hutazama ule mkono wa chuma wa plagi: rangi ikibadilika karibu na nyuzi za kufungia plagi, taimingi iko mbele mno (cheche inawahi); ikibadilika kwenye ncha, bado inaweza kusogezwa mbele. Vidoa vya alumini kwenye kauri ni hatari, simamisha.

Lakini plagi hudanganya. Ukizunguka mjini kwa gia ndogo, masizi hufunika kila kitu. Inataka plagi mpya, mwendo wa nguvu, na injini kuzimwa hapohapo.

Tuktuk ya sidiai (CDI, cheche ya kielektroniki)? Taimingi haigeuzwi, soma plagi kwa ajili ya mafuta. Umefungua distribyuta? Azima taa kwanza.