Mabaluni ya nyuma yanavuja: yapi ununue kama unabadilisha mwenyewe nyumbani

Jioni umelipaki gari limesimama sawasawa. Asubuhi unalikuta limechuchumaa upande mmoja wa nyuma kama ngamia anayesubiri kupakiwa mzigo. Unawasha, kompresa (pampu inayojaza mabaluni ya sasapensheni ya hewa, yaani mifuko ya mpira inayobeba gari badala ya springi) inanguruma, gari linanyanyuka taratibu, unaondoka. Wengi huishi hivyo kwa miezi kwa sababu "bado linapanda". Kumbe kila asubuhi ya namna hiyo inakula uhai wa kompresa. Kompresa hizi zimeundwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi. Ikilazimishwa kujaza baluni linalovuja kutwa nzima inapata joto, ringi ya pistoni inalika, au rilei yake, ile swichi ya umeme inayoiwasha, inagandiana na kuiacha ikizunguka mpaka iungue. Ulikuwa na kazi ya mabaluni mawili, sasa una ya mabaluni mawili na kompresa juu yake.

Kazi hii nimeifanya mara tatu kwa mikono yangu, na nilichojifunza kinaingia kwenye sentensi moja: unanunua mpira. Vifuniko vya juu na pistoni ya chini (kitako ambacho mpira huviringika juu yake) mara nyingi havina tatizo. Kinachokufa ni mpira mwembamba ulioimarishwa kwa nyuzi, pamoja na oringi chache, yaani pete ndogo za mpira za kuzuia kuvuja. Kwa hiyo kila unapolinganisha bidhaa mbili jiulize mpira huu umetengenezwa na nani, lini, na umekaa wapi tangu siku hiyo. Nilivyozipanga hapa chini ni kwa swali hilo.

Kabla ya kununua chochote

Hakikisha ni baluni kweli. Weka gari kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake, zima mfumo wa kujisawazisha kama gari lina kitufe au hali ya jeki, kisha toa tairi. Baluni liwe bado na hewa. Usiingize kichwa wala mkono chini ya bodi inayoshikiliwa na hewa tu. Valvu ikifunguka ghafla bodi inashuka bila kukupa nafasi ya kujitoa.

Mara ya kwanza nilijilaza ubavu na tochi, nikapaka maji ya sabuni kwa brashi ya rangi. Kwa muda hakukuwa na kitu, nikaanza kudhani nimekosea. Halafu kwenye kunjo la chini, pale mpira unapojikunja na kuviringika juu ya pistoni, povu likaanza kuota punje kwa punje, kama maziwa yanapoanza kuchemka pembeni mwa sufuria. Nilipopangusa nikaona nyufa nyembamba zimezunguka mpira wote, sambamba, kama mistari ya kiganja. Hapo ndipo mabaluni mengi hufia, kwa sababu kunjo hilo linatembea kila gari linaporuka shimo, na vumbi na mchanga hukaa humo humo.

Povu likitokea juu, kwenye nati ya paipu la hewa, huenda unahitaji kiungio kipya tu. Na kama nyuma nzima inashuka sawasawa na hakuna povu mahali popote, geukia bloku ya valvu, ile inayogawa hewa kwa mabaluni, na paipu zake kabla ya kufungua pochi.

Jambo la pili ni kujua gari lako lina baluni la aina gani. Kwenye BMW 5 Series Touring ya E61 (herufi na namba za namna hii ni msimbo wa toleo la gari), X5 ya E70, Mercedes E-Class za bodi ndefu (station wagon) za S211 na S212, Range Rover ya L322, Toyota Prado ya 120 na ndugu yake Lexus GX 470, baluni la nyuma liko peke yake na shokapu iko pembeni. Hiyo ni kazi ya nyumbani kwa mtu mwenye spana nzuri na subira. Land Rover Discovery 3 ni tofauti: baluni limevaa shokapu, ukinunua unanunua kitu kizima, na bei inapanda hivyo hivyo. Jeep Grand Cherokee iliyoanza mwaka wa modeli wa 2011 ina mfumo uliofungwa, unaojazwa naitrojeni. Kama huna vifaa vya kuujaza na kuupima, baluni nunua mwenyewe lakini kufunga mwachie fundi mwenye mashine.

Nafasi ya kwanza: aliyekitengenezea kiwanda cha gari

Viwanda vya magari havitengenezi mabaluni vyenyewe. Vinanunua kwa kampuni za mpira na sasapensheni, zikiwemo Continental, Vibracoustic na Dunlop, na baadhi ya hizo zinauza bidhaa hiyo hiyo kwenye boksi lao bila nembo ya gari. Hapa ndipo pesa yako inafanya kazi kubwa kuliko popote. Unapata mpira wa daraja la kiwandani, kunjo limepimwa kwa uzito wa gari lako, na hulipii nembo. Wakati mwingine utaona mahali nembo ya gari ilipokwanguliwa kwenye plastiki ya juu. Usishtuke, mara nyingi hiyo ndiyo dalili kwamba limetoka kwenye mstari ule ule.

Kazi unayopaswa kuifanya ni moja: tafuta namba ya spea kwa kutumia namba ya chasisi, si kwa jina la modeli. Gari moja linaweza kuwa na mabaluni mawili tofauti kutegemea mwaka au aina ya shokapu, na kwa jicho yanafanana kama mapacha.

Nafasi ya pili: wataalamu wa mabaluni peke yake

Ziko kampuni ambazo kazi yao kubwa ni sasapensheni ya hewa. Arnott ya Marekani ndiyo inayojulikana zaidi. Wao hutengeneza baluni lao, mara nyingine wakibadilisha kile kilichokuwa dhaifu kwenye la kiwandani. Ninayaweka nyuma ya nafasi ya kwanza kwa kuwa ubora hutofautiana kati ya gari na gari. Uzuri wao ni dhamana, lakini isome vizuri kabla ya kulipa. Angalia kama inakuhusu ukifunga mwenyewe, au inadai risiti ya gereji. Wauzaji wengine huweka sharti hilo, na wewe uliyelala chini ya gari lako na spana mkononi ndiye unayebaki nje.

Nafasi ya tatu: la dukani kwa kiwanda cha gari

Ubora hauna ubishi. Bei ndiyo inayolishusha, kwani mara nyingi unalipia zaidi kwa mpira ule ule wa nafasi ya kwanza. Ninalipendekeza katika hali moja: gari ni jipya kiasi, hakuna mwingine anayelitengenezea baluni, na unataka mtu wa kumrudishia likikosea.

Springi za chuma badala ya hewa

Hapa nasimama kidogo, maana ndipo mabishano yanapokuwa makali. Ziko seti zinazoondoa mabaluni kabisa na kuweka koili. Anayebeba mzigo ule ule kila siku, kwenye njia mbovu, na gari lenye umri, ana haki ya kulifikiria. Koili haivuji, haina kompresa, haina sensa ya kupima urefu wa gari.

Lakini angalia unachoacha. Springi ya chuma ugumu wake umepangwa tangu kiwandani. Ukiichagua kwa mzigo, gari tupu litarukaruka, na ukiichagua kwa gari tupu, ukipakia nyuma itaketi na taa za mbele zitaangalia mitini. Taa ya onyo kwenye dashibodi itabaki ikiwaka mpaka uweke kifaa cha kuidanganya kompyuta au uipange upya. Na shokapu za gari lako zilipangwa zifanye kazi na hewa, si na chuma.

Kwenye Prado 120 na GX 470 jibu ni jepesi kuliko penginepo. Prado hiyo iliuzwa pia ikiwa na koili nyuma, kwa hiyo springi za ugumu unaoeleweka zipo na mahali pa kuzikalisha panajulikana. Hapo koili ningeipandisha hadi nafasi ya pili. Kwenye gari la starehe la bodi ndefu, ambalo kiwanda kililiwekea hewa nyuma makusudi ili likae sawa likiwa na abiria na mizigo, ningeiacha.

Yaliyofufuliwa

Haya ni mabaluni ya zamani yaliyovuliwa mpira na kuvishwa mpya. Kwa yale yaliyovaa shokapu ndani yanaweza kukupunguzia gharama kubwa, mradi muuzaji aseme wazi mpira mpya ni wa nani na kama shokapu imepimwa. Kwa baluni la peke yake sioni faida. Kazi nzima iko kwenye ile pete ya chuma inayobana mpira, na ikibanwa vibaya unarudi ulipoanzia.

Yasiyo na jina

Niliwahi kununua jozi ya bei ya chini isiyo na jina lolote la mtengenezaji. Yalifunga vizuri, gari likasimama sawa, nikajipongeza. Baada ya miezi michache la kushoto likaanza kushuka tena, safari hii si kwenye kunjo bali pale mpira unapobanwa na pete ya juu. Nikafungua mara ya pili, nikanunua mara ya pili. Hasara yangu kubwa haikuwa bei ya baluni bali ile siku nzima ya pili chini ya gari. Kama ni lazima kwa sababu ya kipato, nunua kwa muuzaji anayepokea marejesho, na weka jicho kwenye urefu wa gari kila wiki.

Ya mtumba kutoka gari lililovunjwa usiguse. Mpira wake una umri sawa na wako, na umekaa bila hewa, umekunjika, ukiliwa na jua. Gundi, viraka na dawa za kuziba ni hivyo hivyo. Kunjo linatembea, kiraka hakitembei. Tena baluni lina shinikizo la baa kadhaa, zaidi ya tairi lako.

Yakifika mkononi

Nunua jozi, hata kama ni moja tu linalovuja. La pili limetembea barabara ile ile. Agiza pamoja nayo viungio vipya vya paipu na oringi, kwa kuwa pete ya shaba iliyoko ndani ya kiungio ikishabana paipu mara moja, kuirudia ni kutafuta uvujaji.

Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Ozoni na mwanga huzeesha mpira hata ukiwa rafuni, na baluni lililokaa dukani miaka mingi si jipya. Tundu la hewa liwe na kizibo. Kunjua mpira kidogo kwa vidole na uangalie kunjo: likiwa na mpasuko, alama ya kubanwa au weupe wa ukavu, lirudishe siku hiyo hiyo.

Wakati wa kufunga, toa hewa taratibu kwa mashine ya kupima (ile inayounganishwa na kompyuta ya gari), au kwa kulegeza nati kidogo kidogo huku umevaa miwani. Kata ncha ya paipu kwa wembe mkali, mkato uwe mnyoofu bila mshazari, na usikaze nati kwa hasira. Kitabu cha gari hutaja Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) chache tu.

Halafu kosa linaloua mabaluni mapya kuliko yote: kushusha gari juu ya baluni tupu. Uzito unaubana mpira nje ya kunjo lake na linapasuka kabla halijatembea hata mtaa mmoja. Tairi likining'inia, sensa inadhani gari liko juu mno na mfumo unakataa kujaza. Tumia mashine ya kupima kuamuru ujazaji, au, bodi ikiwa bado kwenye stendi, inua mkono wa chini wa sasapensheni, ule unaoshika upande wa tairi, kwa jeki mpaka karibu na urefu wa kawaida, uone kunjo limekaa sawa, ndipo uache mfumo ujaze.

Jioni hiyo, gari likiwa sakafuni pasipo na mteremko, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia, uandike. Pima tena asubuhi kabla hujafungua mlango, kwa sababu kwenye magari mengine mlango tu unatosha kuiamsha kompresa na kukuficha jibu.