Mafunzo ya Hifadhi ya Vipepeo na Nondo: Tathmini Yangu
Nimemaliza mafunzo ya hifadhi ya vipepeo na nondo yanayotolewa kwa watu wasio wanasayansi, na ninayapendekeza kwa moyo wote. Nguvu yake kubwa ni somo la kuhesabu vipepeo, ambapo mwanafunzi hupita njia ileile kila wiki, kwa mwendo uleule na katika hali ya hewa inayofaa, akiandika kila spishi anayoiona. Mbinu hii hutumiwa na mpango wa kitaifa wa Uingereza tangu mwaka 1976, nayo huonyesha mapema ni spishi ipi inayopungua. Nilifurahia pia msisitizo kwamba viwavi wa spishi nyingi hula mimea michache tu, hivyo kupanda maua yenye nekta bila kutunza majani wanayoyala hakutoshi. Usiku wa mtego wa taa, tulipowatambua nondo kisha tukawaachilia wakiwa hai, sitausahau. Kwa bahati mbaya, nondo, ambao ndio wengi miongoni mwa spishi zaidi ya 150,000 za kundi hili, walitengewa kipindi kimoja pekee, nami naona wanastahili angalau vitatu.