Uzoefu wangu na Etymonline, kwa wale mnaosoma Kiingereza cha zamani hasa King James

Etymonline naitumia muda mrefu sasa na nimeona niwaandikie wenzangu maana imenisaidia kwelikweli. Kwa asiyeijua, ni kamusi ya mtandaoni ya asili ya maneno ya Kiingereza, yaani neno limetoka wapi, lilianza kuonekana kwenye maandishi lini na maana yake imehama vipi, aliyeianzisha ni bwana mmoja wa Pennsylvania huko Marekani anaitwa Douglas Harper. Ni bure, matangazo yapo, app pia ipo ila mimi nafungua kwenye brauza tu, na kwa vile ni maandishi zaidi hata bando la jero unasoma mpaka unachoka.

Mimi naongoza kikundi cha vijana cha kujifunza Biblia na wengi wao wanapenda King James, ile tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Sasa ugumu wa kile Kiingereza sio "thou" na "hath", hayo ukikutana nayo unajua kabisa hili silijui ngoja niulize. Ugumu uko kwenye maneno tunayoongea kila siku ambayo enzi hizo yalibeba maana nyingine, mtu anayapita bila wasiwasi wowote na maana ya mstari inamponyoka. Hapo ndipo hii kamusi inapofanya kazi.

Chukua Mwanzo 1:29. Mungu anawapa watu mimea itoayo mbegu na matunda ya miti, halafu King James inasema "to you it shall be for meat". Binti mmoja akauliza, kaka, mimea inakuwaje nyama? Swali zuri sana lile. Tukaitafuta "meat" palepale kwenye simu, ikatuletea Kiingereza cha kale "mete", yaani chakula, chochote kile cha kuliwa, na kwamba kubanwa iwe nyama kulianza kama mwaka 1300 hivi. Ila maana ya zamani haikufa siku moja, watafsiri wa 1611 bado walikuwa nayo. Ukifungua Union yetu ya Kiswahili iko wazi tu, "chakula chenu".

Nyingine ni 1 Wathesalonike 4:15, tutakaokuwa hai "shall not prevent them which are asleep". Ukisoma kwa Kiingereza cha leo utasema hatutawazuia waliolala, tuwazuie wasifanye nini sasa? Kamusi inakuonyesha "prevent" imetoka Kilatini, vipande viwili, mbele na kuja, yaani kuja kabla ya mwenzako. Kwa hiyo ni hatutawatangulia, na ndivyo Union ilivyosema.

Halafu "let" ya Warumi 1:13, ambayo ni kuzuia kabisa, kinyume cha "let" tunayoijua! Kumbe Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili, "lætan" kuruhusu na "lettan" kuchelewesha au kuzuia, matamshi yakaja kufanana. Ile ya kuzuia bado inaishi kwenye paspoti ya Uingereza na hata ya wenzetu Kenya, pale wanapoomba mwenye paspoti apite "without let or hindrance".

Kwa anayeanza, zoea alama zao. "c." mbele ya mwaka maana yake takriban, "14c." ni karne ya 14, kinyota mbele ya neno maana yake hakuna aliyelikuta limeandikwa, wataalamu wamelikisia kwa kulinganisha lugha. Tarehe ndio kitu cha kwanza kuangalia, kabla hujasoma kingine chochote.

Ila naomba sana tuelewane kwenye hili, asili ya neno sio maana yake, wenyewe Etymonline wanalisema. "Nice" imetokana na Kilatini "nescius", asiyejua, na ilipoingia kwenye Kiingereza ilikuwa ni mpumbavu, sasa huwezi kusimama mbele za watu useme ukiitwa "nice" umetukanwa. Inaniuma nikisikia mahubiri yamejengwa hivyo. Angalia neno lilimaanisha nini kwa aliyeandika, wakati anaandika, basi. Kuna app moja ya kamusi niliwahi kuweka, jina naliacha, yenyewe inarundika maana zote bila mwaka hata mmoja, kwa kazi hii haifai.

Ukitaka zaidi kuna Oxford English Dictionary, hiyo inakuwekea na sentensi zenye tarehe karne kwa karne, ila ya mtandaoni ni ya kulipia, kama chuo chenu kimejiunga itumie usiiache. Kwetu Etymonline inatosha, wiki ijayo tuna 1 Petro 3:1, waume wanavutwa "without the word" kwa "conversation" ya wake zao, na akina dada wameshaniuliza tutawavuta vipi kwa maongezi bila maneno, tafuteni "conversation" muone ilikuwa ni mwenendo wa mtu, anavyoishi na wenzake.