Rejeta ya alumini yenye matanki ya plastiki kwenye Toyota IST yangu, mwaka na miezi miwili sasa

Nianze na ubishi maana ndo ulionichelewesha kununua. Fundi wangu wa siku zote ni mzee aliyeanza kazi enzi za rejeta za shaba tupu, zile ikitoboka unaichoma na lehemu unaendelea na safari. Siku nimemletea hii mpya kwenye boksi akaigonga tanki la juu kwa kucha, koh koh, akasema "Mwanangu, plastiki na moto wapi na wapi? Hii hufiki nayo Chalinze." Nikamwambia mzee wangu hebu angalia hiyo uliyoifungua sasa hivi, si nayo ina plastiki juu na chini na imetoka hivyo hivyo Japani? Akanyamaza akaongeza sauti ya redio.

Ile ya zamani ilipasuka palepale inapoingia hosi ya juu. Kabla ya hapo kuna mtu alinipaka gundi ya chuma akaniapia haitavuja tena, ikakaa siku 9. Tulipoitoa plastiki imegeuka rangi kutoka nyeusi kuwa kahawia, ukiibana kwa plaizi inakatika kama kigae, na kwenye matundu ya alumini kumejaa unga mweupe, sasa huo unga ni kosa langu mwenyewe nakiri, mwaka mzima naweka maji ya kisima cha huku Kigamboni ambayo hata chai yake unaisikia chumvi. Chumvi inaila alumini taratibu kwa ndani, we unaona gari inapunguza maji tu hujui yanapoenda.

Sasa hii mpya, nilitajiwa 180,000 pale Ilala nikaondoka nayo kwa 150,000. Ni spea ya kichina ila kazi yake safi. Katikati alumini, matanki nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, pembeni imechapwa PA66-GF30, maana yake nyuzi za kioo ni asilimia 30. Hizo nyuzi sio urembo. Nailoni tupu ikipata joto inatanuka zaidi ya mara tatu ya alumini, sasa we fikiria viwili vimeshikana na kila siku kimoja kinamvuta mwenzie, ukiweka kioo ndani plastiki inatulia inatanuka karibu sawa na alumini, na tofauti inayobaki inabebwa na ule mpira uliolala kati ya tanki na meno ya alumini yaliyokunjwa kuzunguka. Ndo maana meno yakifunguka hata kidogo inaanza kulia jasho pale kwenye mpira.

Na hiyo hofu ya kuyeyuka haina mashiko. Nailoni hiyo inayeyuka kwenye digrii 260 hivi, wakati maji yakiwa na mfuniko ulioandikwa 1.1, yaani presha unayoishikilia, yanachemka kwenye digrii 121, yaani mpaka plastiki iyeyuke injini yako ilishakufa zamani na hedi imepinda.

Kingine watu wanasema plastiki haipitishi joto. Kweli kabisa, kwa kipimo cha kupitisha joto (wati kwa mita kwa digrii) alumini iko kwenye 235, shaba karibu 400, hii nailoni hata 1 haifiki! Lakini nani kakwambia tanki ndo linapoza? Tanki ni ndoo tu, linapokea maji na kuyagawa kwenye vibomba. Kazi yote iko katikati kwenye vile vibati vilivyokunjwakunjwa, na pale joto linachelewa kwenye hewa, sio kwenye chuma, kwa hiyo huo ubingwa wa shaba huuoni sana barabarani ila uzito wake utauona, shaba ni zaidi ya mara tatu ya alumini.

Jaribio langu lilikuwa mlima Kitonga, ule mpando mkali wa kwenda Iringa, mwezi wa kumi na mbili. Watu watano, mizigo, kiyoyozi kinawaka maana mama mkwe yuko mbele na siwezi kumwambia avumilie, na mbele yetu lori linapanda kama linahesabu kokoto. Nilikuwa na kale kadude ka kuchomeka chini ya usukani kanasoma joto kwenye simu, ikafika digrii 97 feni ikapiga kelele ikarudi 90. Taa nyekundu haikuwaka mpaka Iringa. Mwaka wa nyuma yake palepale tulisimama mara mbili, tunamwagia maji, aibu tupu.

Mabaya sasa. Kizibo cha kumwagia maji kule chini ni cha plastiki laini, wiki ya tatu kikaanza kudondosha, nimebadilisha kamipira kake ka shilingi mia tano kikatulia, lakini kwa laki na nusu sikutakiwa kufanya hiyo kazi. Tundu moja la bolti ya feni halikukaa sawa, fundi akalitanua na drili. Na mdomo wa hosi una ukingo mkali umeachwa kutoka kwenye moldi, piga msasa kidogo kabla hujavalisha hosi. Klipu usiikaze kwa hasira, nyufa nyingi zinaanzia hapo hapo.

Kama gari yako ni otomatiki angalia pia tanki la chini, mle ndani kuna kibomba cha chuma cha kupozea oili ya giaboksi. Kikitoboka oili na maji vinachanganyika vinakuwa kama maziwa ya stroberi na hapo giaboksi nayo inakufa. Ile ya mtumba niliyoonyeshwa ya 80,000 nilichungulia nikaona utelezi wa oili mdomoni nikairudisha. Na mtumba hata ikiwa safi, plastiki yake imeshapikwa miaka kumi na tano huko, unanunua uzee.

Za alumini tupu mpaka matanki zipo, nzuri kwa anayebeba mzigo kila siku maana zinachomeleka, bei ndo iko juu na kwa IST ya kwendea kazini sioni sababu. Mi naweka kulanti (ile dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya dukani, kisima nimekiachia bustani.