nmcli na mega zangu: uzoefu wangu hapa Bukavu

Mtu wa Nguba, mtaa wa hapa Bukavu, anajua usumbufu wa mpaka. Ng'ambo ya maji ni Rwanda, na minara ya huko mara nyingine inashika vizuri kuliko ya kwetu. Simu ikihamia huko, angalau unapata ujumbe wa kukaribishwa. Modemu ya USB yenyewe haisemi kitu, inakula salio tu. Dawa niliipata kwenye nmcli, programu ya kuendesha NetworkManager, msimamizi wa mitandao wa Linux, kwa kuandika amri (hapa modemu ni jina la muunganisho):

nmcli connection modify modemu gsm.home-only yes

Sasa modemu ikikosa mtandao wa laini yake haiungi kabisa. Kwa hilo peke yake ningeipa nmcli alama zote.

Kilichonishangaza zaidi ni simu. Biro tuna Wi-Fi, lakini nikichomeka simu kwa USB na kugawa intaneti, kila kitu kilipitia kwenye simu, Wi-Fi ikiwa nzima! Kumbe NetworkManager huihesabu simu hiyo kama waya. Waya hupewa namba 100, Wi-Fi 600, na mwenye namba ndogo ndiye anayetangulia. Andika ip route utaiona, kando ya neno metric. Basi simu nikaisukuma nyuma:

nmcli connection modify simu ipv4.route-metric 900 ipv6.route-metric 900 connection.metered yes

Kisha nmcli connection up simu, maana bila hiyo mabadiliko yanabaki kwenye faili tu. Siku hizi delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) ikizima ruta, simu inapokea kazi yenyewe, na umeme ukirudi Wi-Fi inatangulia tena. Kama uko kwenye mkutano wa video utakatika kidogo, hilo vumilia. Ile metered nayo inaziambia programu kwamba mega hizi ni za kununua: duka la programu la GNOME haliteremshi masasisho lenyewe. Ila apt, amri ya kusakinisha programu, ukiiita kwa mkono wako, itateremsha bila huruma.

Kasoro zipo. Amri ni ndefu, ingawa c inatosha badala ya connection. Majina yenye nafasi katikati lazima uyafungie kwenye alama za kunukuu. Na wengi wanafundishana kuandika neno la siri la Wi-Fi ndani ya amri yenyewe. Linabaki kwenye historia ya terminali, na mashini ya biro inatumiwa na kila mtu. Tumia nmcli --ask device wifi connect na jina la Wi-Fi, itakuuliza neno la siri pembeni.

Asiyetaka kukariri amri ana nmtui, yenye menyu za kupita kwa mishale. Kwa Wi-Fi inatosha kabisa, lakini modemu ya laini ya simu haitengenezwi humo.